Kofia ya Kutekea Maji

Nasema kufuma, nawe utadhani kazi ni moja.
Hapa Taquile, juu ya ziwa, kazi ni mbili:
wanawake wana vigingi vinne ardhini
na mtande uliokazwa baina yake;
sisi wanaume tuna sindano tano,
spoku za baiskeli zilizonolewa kwa jiwe,
ingawa kisiwa kizima hakina baiskeli hata moja.

Babake Eustaquia hakuniuliza nina viazi magunia mangapi.
Alinyoosha mkono tu: "Kofia."
Akaipindua, akaijaza maji ya kisima hadi ukingoni,
akaanza kuhesabu hatua za kurudi mlangoni.
Jino lilikuwa likimuuma; alihesabu kwa hasira.
Hatua ya kumi na moja, tone.
Ya kumi na tano, kofia yangu ililia
kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Safu ya arubaini," akasema, kidole kikiwa kimelowa.
"Siku hiyo ulikuwa na nini?"

Nilijua nilikuwa na nini.
Siku hiyo kaka yangu Fortunato
alipanda boti ya Puno, godoro mgongoni,
na vidole vyangu vikaulegeza uzi bila kuniaga.

Ndivyo vitanzi vilivyo, havina siri.
Kila kimoja kimemshika mwenzake shingoni;
mmoja akivutwa, jirani humpisha,
ndiyo maana kofia humtosha baba na ikamtosha mwana,
ndiyo maana pia maji hupata njia.
Na uzi ni ule ule, mmoja, tangu ukingo hadi kishada.
Ukate popote, uvute:
majira yote ya baridi yanakurudia mkononi.

Eustaquia alikuwa amepiga magoti penye vigingi,
akishindilia mshindio kwa mfupa wa lama.
Nyuzi mia mbili na kumi na sita,
nyekundu, nyeupe, na ile kijani ya majani ya ch'illca.
Hakuna unaomkumbatia mwenziwe.
Huu juu, huu chini, wanapishana tu,
lakini kwa kubanana kule
hakuna awezaye kuondoka.
Uzi unaokatiza hauonekani kabisa.
Ndio unaoshika.

"Vuta," akaniambia, akinipa ncha ya mshipi.
Nikavuta kwa urefu: sawa na kuvuta mlima.
Nikavuta kwa upana: mlima na mdogo wake.
Nikavuta kwa mshazari, ukateleza kidogo, ukakubali.
"Hapo tu," akasema. "Kila kitu kina upande wake wa kukubali."
Huu ni wa mgongo wako, akasema,
siku ya kupandisha magunia kutoka bandarini.
Mshipi ukinyumbuka ni mwongo.
Kofia isiponyumbuka ni mwongo pia.

Kati ya nyuzi za mshindio niliona unywele mweusi, mrefu.
Sikuuliza.

Usiku nikaifumua.
Uzi ulitoka na mawimbi yake,
kila kitanzi kimeacha kigongo chake;
sufu haisahau upesi kama mtu.
Nikauloweka, nikautundika dirishani na jiwe chini,
na asubuhi ulikuwa umenyooka. Karibu.

Sasa nimeanza upya, sindano nyembamba zaidi,
uzi nimeupitisha nyuma ya shingo
usinitoroke.
Vitanzi vimesongamana kama kondoo wakati wa mvua ya mawe.
Nimefika safu ya thelathini na tisa.
Boti ya Puno inaonekana, nyeupe, punje ya mchele.
Sijui nani yumo.

Nabana.
Hapana, nalegeza kidogo:
ukibana mno kofia huwa gome,
haiingii kichwani hata pa mwenyewe aliyeifuma.
Kati ya kubana na kulegeza
pana upana wa unywele,
na hapo ndipo nimekaa tangu alfajiri.

Mzee yuko mlangoni, shavu limevimba.
Ndoo imeshajaa.